Saruji Ndani ya Amplifaya

Saa nne asubuhi, kwenye kichochoro cha vyombo vya umeme cha Bab al-Sharqi, Baghdad, Razzaq Shnawa ameshika bisibisi ambayo tajiri wake amemkataza kuitoa mbele ya mteja.

Mteja ni Mama Sarmad, mwalimu mstaafu. Amplifaya ya nyumbani kwake imeungua, spika zimekaa kimya, na mumewe aliyepooza hana burudani nyingine ila nyimbo za kale za maqamu. Mama ameshanyanyua amplifaya mbili kwa mikono miwili kupima uzito, kama Baghdad nzima inavyochagua.

"Hii nyeusi ndiyo yenyewe," anasema akihema. "Nzito kama mama mkwe."

"Wati elfu moja, mama!" anadakia Subhi, mwenye duka. "Majirani watahama."

Razzaq hacheki. Saruji iliyomo ndani aliigundisha yeye, juzi tu.

Ana miaka hamsini na mitatu. Enzi za vikwazo vya miaka ya tisini, nchi iliponyimwa hata waya, alifumua feni mbovu za dari na kwa shaba ya humo akazungushia transfoma. Mafundi kama yeye ndio waliowafundisha watu kunyanyua, kwa kuwa transfoma ya kweli ina uzito. Mipaka ikafunguliwa, bidhaa takataka zikamiminika, na matajiri wakaligeuza somo lile kuwa mtego wa saruji. Wakaguzi? Huja, hunywa chai, hubandika karatasi yenye muhuri, huondoka. Ukuta wa Subhi umejaa mihuri ya miaka ishirini. Hakuna aliyewahi kufungua mfuniko.

Mama Sarmad anatoa bahasha: dinari 450,000, karibu pensheni yake yote ya mwezi. Kisha anamgeukia fundi.

"Mwanangu, ningekuwa mama yako, ungenichagulia ipi?"

"Mjibu, Baba Wisam," Subhi anamwambia Razzaq, akitabasamu kwa meno tu. "Na ukumbuke una watoto."

Watoto wanne, kwa ujira wa dinari 20,000 za siku. Razzaq anaweka bisibisi kwenye mfuniko. Skrubu ya kwanza inatoka. Ya pili.

"Unafanya nini, mwendawazimu wewe?"

"Namchagulia mama yangu."

Mfuniko unainuka. Transfoma ni ndogo kama limau. Pembeni yake, bonge la kijivu. Mama Sarmad analigonga kwa ukucha.

"Mnaniuzia ukuta?"

"Toka dukani kwangu!" Subhi anafoka. "Toka, na pesa ya leo usahau!"

Mama Sarmad hamtazami Subhi. "Nani aliyeitia hii?"

"Mimi," Razzaq anajibu.

Bahasha inarudi mkobani.

"Basi utanitafutia nyingine. Na utaifungua mbele yangu."

Wanaipata maduka matatu mbele: wati sitini, nyepesi kuliko ile, transfoma imejaa nusu ya sanduku. "Kwa chumba cha mgonjwa zinatosha na kubaki," Razzaq anamwambia.

Tangu siku hiyo hakuna duka kichochoroni linalompa kazi. Matajiri hugombana kwa kila kitu, ila kwa hilo walielewana kabla ya adhuhuri.

Sasa anatafuta meza ya kukodi pale mdomoni mwa kichochoro. Atamfungulia mtu yeyote amplifaya kabla hajalipa, kwa dinari elfu mbili. Wenye zile alizozitia saruji kwa mkono wake, arobaini na moja, hatawatoza kitu.

"Watanitukana," anasema. "Wana haki. Waje tu nazo."