Ramani za Kidonda cha Eustace

Huku Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, bado wanasema kidonda cha mguuni mwa marehemu mume wangu, Eustace, kilikuwa laana ya wizi kiwandani. Si kweli. Alikuwa mchoraji wa ramani za mitambo huko, akapunguzwa kazi mwaka 1994 pamoja na wenzake wengi, naye alikuwa na kisukari.

Kila Jumapili aliweka nailoni safi juu ya kidonda, akafuata ukingo wake kwa kalamu. Lilitokea ziwa dogo lisilokauka.

Binti yetu Hosiana, aliyesomea maabara, alimweleza. "Chembe nyeupe za damu ni askari, baba. Vichocheo vya ukuaji huwaita, kisha huwatuliza waanze kujenga. Kwako ni vichache, kwa hiyo askari hawajui kwamba vita vimekwisha."

"Basi wapigie simu."

"Simu ya posta? Watazeeka wakisubiri."

Eustace alicheka. Sukari iliposhushwa kwa dawa, ziwa likaanza kupungua, wiki hadi wiki, huku ukungu wa Uluguru ukiingia dirishani kama mtu aliyekuja kututazama tukilala. Ramani ya mwisho ni nukta tu. Ninazo zote.

Laana haiponi kwa dawa. Kilichomuua miaka sita baada ya kidonda kufunga ni siri ya nyumba yetu, na sitaisema.