Lisaka: Chini, Chini, Juu

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha teleksi cha kampuni ya meli za mto, pale bandarini Makiso, tulikuwa watu wanne: Chef wa kituo, aliyevaa abakosti ya kijivu, ile suti isiyo na tai; Maman Asha, fundi wa mashine; Papa Lifoko, baharia mstaafu wa Yanonge, aliyekuja kutuma habari ya msiba; na mimi, niliyeacha shule baada ya wazazi wetu kufa ili nilee wadogo zangu wanne.

Maman Asha alinifundisha kazi kwa habari hiyohiyo. Mashine hutoboa utepe wa karatasi. Kila herufi ina nafasi tano, na kila nafasi ama ina tundu ama haina. Herufi ni kubwa tu, wala hakuna alama ya kuweka juu yake. Papa Lifoko alimwandikia mpwa wake Kinshasa, kwa Kilokele, kwamba baba wa huyo mpwa amekufa na lisaka iko kwake Papa Lifoko, Yanonge, aje.

Kwa Walokele, watu wa Papa Lifoko, sauti ya neno ni nusu ya neno. Lisaka, ukipandisha sauti mwishoni tu, ni ahadi. Ukipandisha mapema, ni sumu. Marehemu alikuwa ameacha ahadi ya shamba. Mpwa alisoma sumu. Akajibu kwamba hatakanyaga nyumba ya mchawi aliyemuua baba yake.

Papa Lifoko alirudi na jibu hilo mkononi. Hakugomba.

"Mutoto, mashine yenu iko kiziwi," aliniambia. "Hata ngoma yetu ya gogo, ya sauti mbili, inasikia kuipita."

Kumbe miaka mingi alikuwa akifundisha watoto wa Yanonge maandishi aliyoyabuni mwenyewe: alama moja kwa kila silabi, na sauti yake imo humohumo, ya juu au ya chini. Alinichorea zote nyuma ya vipande vya utepe vilivyotupwa. Nilijaribu kuipa kila alama herufi mbili za mashine. Zilitosha, lakini kule Kinshasa nani angezisoma? Kulitafsiri neno la marehemu Papa Lifoko alikataa; alitaka lifike kama lilivyotamkwa. Tukafupisha: H, yaani haut ya Kifaransa, kwa sauti ya juu, B, yaani bas, kwa sauti ya chini, na maelezo mafupi mbele. Nikatoboa: LISAKA BBH.

Chef aliuchukua utepe kabla sijautuma.

"Citoyen, hii BBH iko nini?" aliniuliza. Citoyen, yaani raia: ndivyo chama tawala, Parti, kilivyotuamuru tuitane.

Nikaeleza.

"Hii iko code, maneno ya siri. Watu wa Parti wakiuliza, mimi nitajibu nini? Uko na wadogo ku nyumba, donc fikiria."

Akauchana. Nilimpelekea Papa Lifoko habari, akanisukumia vile vipande vyenye alama zake.

"Bon. Siku moja itakuja mashine yenye masikio. Alama zangu uziingize humo, na mupwa wangu asome. Unipe lisaka." Alilitamka polepole, akapandisha sauti mwishoni. Nikampa.

Nilihamishiwa Yanonge, kisha nikarudishwa bandarini chini ya machefu wengine. Papa Lifoko alizikwa, mpwa hakuja. Wadogo zangu walimaliza shule, nami nikastaafu, mgongo umekufa kwa kuinama.

Leo nasikia kila alama ya maandishi inaweza kupewa namba yake ndani ya ordinateur, yaani kompyuta. Nimepeleka vile vipande kwa vijana wa chuo, mara nyingi. Huniuliza ni watu wangapi wanaoandika hivyo. Nawaambia ni wazee wachache wa Yanonge, na vijana hunirudishia vipande vyangu kwa adabu. Nimechoka, lakini sijavitupa. Mpwa bado yu hai Kinshasa, mzee kama mimi, na bado anawaambia wajukuu zake kwamba Yanonge kuna sumu.

Ujumbe wa Papa Lifoko haujaondoka. Lisaka: chini, chini, juu.