Mkwe Bila Shati

Nesi wa wodi ya njiti hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimtazama mume wangu kuanzia viatu hadi kola, akamwambia, "Baba, vua shati."

Mume wangu ni mtu wa vifungo. Jua la Musoma liwake mpaka mbwa wakimbilie chini ya magari, yeye anafunga hadi kile cha shingoni. Akanigeukia nimwokoe. Mimi nilikuwa nimelala na mshono mbichi, presha ilinipanda ghafla, wakanipasua haraka na kumtoa mtoto kabla wakati wake haujafika. Sikuwa na nguvu ya kumwokoa mtu.

"Si umeambiwa uvue?" nikamwambia. "Vua."

Akavua. Nesi akamlaza mwanetu kifuani pake, ngozi kwa ngozi, kofia ya sufu kichwani, miguu imekunjwa, akawafunga wote wawili kwa khanga yangu. Mtoto alikuwa mdogo, jamani! Mwambie muuza duka akupimie sukari kilo na robo, ndiye huyo. Mume wangu akakaa wima kwenye kiti, hata kupumua anaogopa. Baada ya muda nikaona machozi yanamteremka mpaka kidevuni, na hayafuti, maana anaona akiinua mkono mtoto atavunjika.

"Huyu hana mafuta ya kujipasha moto," nesi alituambia. "Akipoa, maziwa yote anayonyonya yanaishia kwenye kutafuta joto, haongezeki. Akizidi kupoa anaacha kunyonya, na hapo tunampoteza. Kazi yenu ni moja tu, kifuani. Mama akichoka, baba. Baba akichoka, bibi."

Hilo la bibi ndilo lililokuja kutuumbua.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na serikali siisifiagi hovyo. Njoo usimame mbele ya darasa langu, watoto wamebanana kwenye dawati kama dagaa kwenye karai, utanielewa. Lakini safari hii nilivua kofia. Mwalimu mkuu alinipigia nikiwa bado wodini, akasema zile wiki ambazo mtoto amewahi kuja haziliwi kwenye likizo yangu ya uzazi, zinaongezwa, sheria imebadilika. "Kwa hiyo likizo yenyewe hata haijaanza," akaniambia. Nilicheka mpaka mshono ukanikumbusha kwamba upo. Na mume wangu naye, badala ya zile siku tatu za baba, kwa mtoto njiti anapewa saba.

Tatizo likawa kwa tajiri wake. Mume wangu anatunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, na tajiri wake ni mzee wa Kiislamu mwenye ndevu nyeupe na maneno mengi. "Saba?" akauliza. "Kwani wewe ndiye uliyepasuliwa?" Mume wangu, aliyekuwa hajawahi kumjibu mzee yule, akamjibu kwamba hapana, lakini mtoto anaishi kifuani kwake. Mzee akapiga simu ofisi ya kazi, akasikiliza, akakata. Kisha akatoka nje, akarudi na furushi la pempasi ambazo mwanetu angezienea labda akifika darasa la kwanza, akasema, "Nenda, na ukirudi kabla hazijaisha nakufukuza."

Tukaruhusiwa kwenda nyumbani Kigera, kwa masharti. Mtoto asitoke kifuani, turudi kupima uzito katikati ya wiki, na asipoongezeka analazwa tena. Nesi alilisema hilo akinitazama machoni, nami nikaogopa. Kwenye wodi ile kuna vitanda nilikuwa nimeviona vikibaki wazi asubuhi.

Mama mkwe wangu yuko Butiama na magoti yake hayampi ruhusa ya kwenda popote. Alitutumia karanga na maombi. Kwa hiyo aliyekuja kunilea ni mama yangu mzazi, kutoka Mugeta. Alipitia Bunda, akashuka Musoma na kuku wawili, unga wa ulezi na kibuyu cha maziwa mgando. Hakubisha hodi, maana nyumba ya bintiye aliyejifungua, abishe hodi ya nini? Akavuta pazia la chumbani. Na hapo, saa sita mchana, akamkuta mkwe wake amekaa kitandani kifua wazi.

Kwa msiozijua mila zetu niwaambie: kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani. Soni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Tangu niolewe, mama yangu alikuwa amemwona mume wangu kisogo tu, na nadhani alikiona kinatosha.

Mama alipiga kelele moja, "Aaai!", akageuka, akakanyaga ndoo ya maji, kuku wakamponyoka. Mume wangu naye akajifunika blanketi gubigubi, yeye na mtoto. Nilibaki ninayeonekana mimi tu, nimeshika mshono, nikicheka na kulia kwa maumivu kwa pamoja.

"Wanaume wa siku hizi wanavuaga nguo mchana?" mama aliuliza kutoka uani.

"Ni dawa, mama! Nesi kaagiza!"

"Dawa gani ya kukaa uchi? Mimi humo siingii."

Nyumba yetu ni chumba na sebule, na jiko la mabati uani. Humo ndimo watu wawili ambao hawapaswi kuonana walitakiwa kupokezana mtoto mmoja kutwa nzima. Wakatunga utaratibu wao. Mume wangu akichoka, anamlaza mtoto kitandani kando yangu, anavaa shati, anafunga vifungo vyote, anatoka mlango wa mbele na kukohoa. Mama akisikia kikohozi anahesabu mpaka ajue mtu amefika barabarani, ndipo anaingia kwa mlango wa uani. Kurudi ni vivyo hivyo, ila mama yeye anagonga mfuniko wa sufuria. Majirani walidhani tumeanzisha kanisa.

Na maneno yao yote yalipita kwangu.

"Mwambie mkwe uji uko tayari."

"Mwambie mama nashukuru."

"Mwambie asishukuru, anywe, ameanza kukonda."

Wote wanasikiana, ukuta wenyewe ni wa tofali moja! Siku ya pili nikafoka, "Mimi si redio mbao!" Mama, upande wake wa ukuta, akasema taratibu, "Mwambie mkwe asiudhike, ni homa ya uzazi inayosema."

Tulikuwa na furaha, sikatai. Mama alinipikia kuku, samaki wa Bukima na ugali wa ulezi mweusi kama lami. Nikisema nimeshiba ananijibu mgonjwa haulizwi uji. Kwa hiyo siku ya kupima uzito nilikwenda nikitembea kwa madaha, mkono kwenye mshono. Nesi akamweka mtoto kwenye mzani. Akatazama. Akamtoa, akamrudisha tena.

"Amepungua," akasema.

Mume wangu akaanza kueleza kwamba anakaa kifuani, wallahi anakaa, hata usiku. Nesi akaishika ile miguu midogo ya mtoto, akaikuta ya baridi. "Mnapokezanaje?" akauliza. Tukamweleza: kulaza, shati, kikohozi, kusubiri, mfuniko. Kadiri tulivyoeleza ndivyo sauti zetu zilivyokuwa zikishuka. Nesi alituangalia utadhani tumemwambia tunamhifadhi mtoto kwenye friji.

"Kwa hiyo anakaa kitandani, wazi, akisubiri nyie mmalize kuheshimiana? Mara ngapi kwa siku?" Mume wangu akaanza kuhesabu kwa vidole. "Sikilizeni. Mficha uchi hazai, na nyie mmeshazaa. Kifua kwa kifua, asiguse shuka. Asipopanda kufikia mwisho wa wiki, namlaza."

Tulirudi Kigera. Mama aliposikia, alikaa kwenye kigoda jikoni akachochea moto usiohitaji kuchochewa. "Nimempunguza mjukuu wangu kwa heshima," akasema. Lakini kuingia mkwe akiwemo bado hakuweza, wala mume wangu hakuthubutu kumwomba. Soni si nguo ukaivua tu. Basi nikawa daraja mimi: mume wangu ananikabidhi mtoto kifuani, anatoka, mama anaingia, namkabidhi yeye. Ilifanya kazi. Miguu ikaanza kuwa ya moto, akaanza kunyonya kwa pupa mpaka anapaliwa. Daraja lenyewe ndilo lililokuwa bovu, maana mshono wangu ulikuwa umeanza kutunga usaha, nami nikanyamaza nisirudishwe wodini.

Siku ya mwisho ya likizo ya mume wangu mvua ilitoka ziwani na upepo wake, bati zikawa zinapiga makofi. Homa ilinipanda mara moja, meno yakagongana. Mtoto alikuwa kifuani kwa baba yake. Mume wangu akanigusa paji la uso, akaruka kama aliyegusa jiko. Ilibidi akimbie kutafuta bajaji, na kwenye mvua ile hawezi kukimbia na njiti. Akanitazama. Nilijaribu kuinua mikono nimpokee mwanangu, ikagoma. Nilitaka kusema "mwambie mama", ulimi nao ukagoma.

Basi akasimama katikati ya chumba, kifua wazi, mtoto kafungwa na khanga, akaita kwa mdomo wake mwenyewe.

"Mama! Njoo umpokee mtoto."

Tangu tuoane hajawahi kumwita. Sauti ya mama ikaja kutoka jikoni, ikiongea na ukuta. "Aambiwe amlaze, atoke, ndipo niingie."

"Hakuna wa kuniambia, mama. Mke wangu anaungua. Na mtoto simlazi. Akilazwa anapoa."

Nilisikia mvua. Nilimwogopea mwanangu kuliko nilivyojiogopea mimi. Halafu pazia likafunguka.

Mama alikuwa amevua blauzi. Khanga ameifunga kiunoni, kifua kiko wazi, kile kile kilichotunyonyesha mimi na ndugu zangu. Mume wangu alipomwona akafumba macho kwa nguvu.

"Fumbua," mama akamwambia. "Utamdondosha."

Akafumbua. Mama akasogea mpaka wakagusana. Mtoto akateleza kutoka kifua kile kwenda hiki bila kuguswa na upepo, hata hakulia, alipiga chafya tu. Mama akamfunga, akasema, "Kimbia sasa, mwanangu." Mume wangu akakimbilia mvuani vilevile, shati akalisahau, Kigera nzima ikamwona.

Kwenye bajaji walinikalisha katikati nikiwaegemea wote wawili. Hospitali wakanisafisha mshono, wakanitundikia dripu, wakaniambia ningechelewa zaidi ningejuta. Nesi wetu alipokuja kumpima mtoto, mama na mume wangu waliinama pamoja juu ya mzani mpaka vichwa vikagongana, na hakuna aliyeomba radhi.

"Amepanda," nesi akasema. "Na amepanda vizuri."

Mama alipiga vigelegele wodi nzima ikaamka. Mimi nililia, sitaki kudanganya, nililia mpaka dripu ikatikisika.

Kesho yake mume wangu alirudi kazini. Jioni akaja wodini moja kwa moja kutoka stoo, akanawa, akavua shati kabla hajaambiwa, akampokea mtoto kutoka kwa mama, kifua kwa kifua. Mama akajifunika, akaomba simu yangu ampigie baba Mugeta. Hajui kushusha sauti ya simu, kwa hiyo tulisikia sote.

"Andaa mbuzi," akasema, bila hata salamu.

Mke wako ameenda kulea njiti, anakupigia simu bila kukuamkia, anataka mbuzi. Nani asingefikiria msiba?

"Mtoto ametutoka?" baba akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Hajatutoka. Amepanda."

"Na binti yangu?"

"Anakula."

"Sasa mbuzi wa nini?"

Mama akavuta pumzi. "Wa soni. Mkwe wako nimemwona bila shati. Na yeye ameniona hivyo hivyo. Tumegusana."

Kwetu aliyevunja soni anatoa mbuzi, wazee wanakaa, wanakula, na hata hapo si kosa la kutamka hivi hivi kwenye simu. Mume wangu aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kofia ya mtoto. Tulisikia ng'ombe analia kule Mugeta.

"Huyo mtoto," baba akauliza mwishowe, "sasa hivi yuko wapi?"

Mama akamtazama mkwe wake, usoni kabisa. "Yuko kifuani kwa baba yake. Amelala."

"Basi," baba akasema, "ngoja nikamfunge yule beberu mkubwa."