Mizani Mbele ya Tanuri

Dalenda Zribi alijua kila mfanyakazi anapaswa kula nini, isipokuwa yeye mwenyewe. Alikuwa mtafiti wa lishe na afya kazini hapa Sfax, mji wa pwani ya Afrika Kaskazini, umri umeshavuka hamsini, hana mume wala mtoto. Tangu mama yake afariki, chakula chake cha jioni alikila amesimama jikoni: jodari wa kopo, mkate na harisa, ile pilipili ya kusaga. Kukaa mezani peke yake kulimuuma, basi akaacha kukaa.

Mwaka mmoja alipata kazi katika kiwanda cha matofali nje ya mji. Wachoma matofali wawili walikuwa wamezimia mbele ya tanuri. Wenye kiwanda walikubali, shingo upande, kujenga jiko la wafanyakazi iwapo utafiti ungeonyesha kwamba njaa ndiyo inayowaangusha. Dalenda akaenda na mizani yake, pamoja na baiskeli ya kupimia nguvu, ile inayokanyagwa bila kwenda popote. Mchoma matofali mmoja, Laroussi, mtu wa mzaha, alipopandishwa aliuliza kama akifika kwa mkwewe anaruhusiwa kushuka.

Baiskeli ilionyesha kwamba watu wale wamechoka hoi. Mizani ilisema mengine. Kila Jumanne, siku ya kupima, vyombo vya chakula vya wafanyakazi vilifunuliwa mbele yake na ndani yake mna kuskusi kwa nyama ya kondoo, mayai, zeituni nono. Dalenda akapima, akakuna kichwa. Wanaokula namna hii hawazimii. Kwa vipimo vile wenye kiwanda wangesema wafanyakazi wanashiba kuwapita wao, na habari ya jiko ingeishia hapo.

Usomi wake haukumsaidia. Kilichomsaidia ni upweke. Jumamosi moja, siku yake ya mapumziko, kuta za nyumba zilimwelemea. Simu haikulia, na hakuwa na mtu wa kumtembelea. Akapanda gari akaenda kiwandani, akijidanganya kwamba kuna kitu amekisahau.

Aliwakuta wachoma matofali kivulini, wamezunguka bakuli moja la mafuta ya zeituni na harisa, wakichovya mkate na kushushia chai yenye sukari tele. Nyama hakuna, mayai hakuna. Mikono ikasimama. Hata Laroussi alitazama chini.

Ami Khemais, mkubwa wao, ndiye aliyemweleza. Wake zao walikuwa wamesikia kwamba kuna daktari wa kike anayepita akipima vyungu vya watu. Nani angekubali nyumba yake ijulikane kwa mkate na mafuta? Basi kila Jumatatu mtaa mzima ulichangiana nyama kwa ajili ya mizani, na siku zilizobaki kila nyumba ikajibana zaidi kuliko kawaida.

"Sogea, Laroussi," mzee akasema. "Kaa ule, binti yangu. Leo hatupimwi."

Akakaa juu ya tofali, akachovya. Bega la mtu liligusana na lake, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu msiba wa mama yake, na alifurahi hadi akaona haya.

Kabla bakuli halijakauka aliwaomba apime chakula kile kile. Wakakataa katakata.

"Utuaibishie wake zetu?" Ami Khemais aliuliza, naye hakuwa anatania.

Dalenda akaenda garini, akarudi na mizani na mkoba wake. Akatoa kopo la jodari na kipande cha mkate wa jana, akaviweka juu ya mizani mbele yao wote.

"Hiki ndicho ninachokula mimi, kila siku," alisema. "Na sina hata mtu wa kumwaibisha."

Wakakitazama kile kipande. Laroussi akakohoa. "Kumbe daktari ndiye wa kuzimia kabla yetu."

Wakacheka, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka, yakaendelea kumtoka hata kicheko kilipokwisha. Ami Khemais akaondoa kopo taratibu, na mahali pake, juu ya mizani, akaweka mkate wake mwenyewe.

Jiko lilijengwa. Siku ya kufunguliwa, kila mchoma matofali alipewa sinia lake na kipimo chake, kama Dalenda mwenyewe alivyoshauri. Yeye akaheshimiwa kwa kuketishwa kwenye meza ya wakubwa, karibu na meneja, ambaye alianza kumsimulia habari za vigae vya sakafu.

Kule mbele vikasikika vicheko. Watu wa tanuri walikuwa wamemimina masinia yao yote katika bakuli moja kubwa, na wamelizunguka. Ami Khemais akainua kichwa, akamwona. Akamsukuma Laroussi kwa kiwiko, na pakawa na nafasi.

Dalenda aliiona. Lakini meneja alikuwa bado anazungumza, naye alilelewa kutomkata mtu kauli. Akamwitikia meneja kwa kichwa, akatabasamu, akasubiri. Habari za vigae zilipokwisha, bakuli lilikuwa limeshakauka na watu wamerudi kwenye tanuri.