Rangi Moja Kawempe

Kibanda changu cha vocha pale Kawempe, Kampala, kilikuwa cha kijani, kwa sababu kampuni ya simu niliyoiuzia ilikipaka rangi yake bure. Ng'ambo ya barabara alikaa mama mmoja wa Kinubi katika kibanda cha zambarau, rangi ya kampuni nyingine. Tulirushiana maneno kutwa. Kampuni yake ikipunguza bei ya dakika, wateja wangu hunikodolea macho kana kwamba nimewaibia, na haukupita muda yangu nayo inapunguza. Kila mtu alikuwa na laini mbili, na kitisho cha "nahamia ng'ambo" kiliwatoa jasho wakubwa wa kampuni. Kibanda hicho ndicho kilichonilishia wanangu, mimi mjane wa Kikenya nisiye na shamba mjini humo.

Wanasema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Waliosema hawakuuza vocha. Hao wetu walipopigana tulinenepa. Maumivu yalianza walipokumbatiana.

Habari ya kampuni hizo mbili kuungana aliniletea shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, karani wa mjini mwenye hisa chache katika kampuni ya kijani na tai ya kuvalia anapozitaja.

"Shemeji, sasa watatumia minara ya pamoja. Gharama zitashuka, na bei zitashuka."

"Nani atawalazimisha?"

Akacheka kicheko cha mtu aliyesoma kijitabu kimoja.

Fundi wa rangi alikuja na ndoo moja. Alimaliza changu, akavuka, akapaka cha jirani. Yule mama akaniita bibi kwa Kiganda kutoka kwake: "Nnyabo, sasa tutagombana na nini? Mimi na wewe iko kampuni moja." Nilitaka kumtukana kama kawaida, nikajikuta nampungia mkono.

Bei haikushuka. Kwanza zilitoweka dakika za bure za jioni, kisha bei yenyewe ikapanda bila hata kubisha hodi. Mteja akifoka kwamba anahamia ng'ambo, mimi namwonyesha ng'ambo. Shemeji naye akaanza kulalamika kwamba vocha zake zinaisha upesi. Mwenye mali analizwa na mali yake! Nilimdharau hata hamu ya kumcheka ikaniisha.

Kisha akaja ofisa mauzo. Alisema vibanda viwili vya rangi moja kutazamana ni hasara, kimoja kifungwe, na kimoja hicho ni changu. Alisema kwa adabu sana, na adabu yake ndiyo iliyonichoma zaidi. Akaondoka na vocha zangu zote.

Siku hiyo hiyo shemeji alikuja kunipa pole.

"Usivunjike moyo. Hisa zimepanda."

Halafu, nadhani aibu ilimgusa kidogo, akatoa simu ampigie mtu anayemjua huko ofisini aniombee. Simu ikakataa. Salio lilikuwa limekwisha. Akalitazama dirisha langu tupu, akanitazama mimi.

"Vuka barabara," nikamwambia. "Kanunue kwa kampuni yako."