Vifuu Viwili vya Chumvi

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu, pale Kibiti wakurugenzi tulikuwa wengi kuliko kuku. Mwenye baiskeli na tenga la samaki alikuwa mkurugenzi. Mwenye meza ya sigara, mkurugenzi. Mimi nilikuwa na kibanda cha bati kando ya barabara nikiuza kamba wakavu, basi nikajiita mkurugenzi mkuu, na muhuri nikauchonga, mkubwa kama kisahani. Tena nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni, miaka minne ya kusomea koroboi hadi pua ikawa nyeusi ndani kama dohani. Kiingereza changu kilitosha kuwatisha watu kuanzia Mtawanya hadi Mahege.

Ndipo serikali yetu na ya jirani zikatangaza mfuko wa utafiti kwa wafanyabiashara wadogo. Haukuwa mkopo. Zilitakiwa biashara ndogo mbili, moja ya kwetu na moja ya nchi jirani, zichunguze jambo moja kwa pamoja na kupeana matokeo. Awamu ya kwanza ni majaribio. Yakifaulu, awamu ya pili mfuko unajenga vifaa pande zote mbili. Mwenzangu nilimpata kwa barua: bibi mmoja wa pwani ya Kenya, mwenye biashara ya kukausha samaki pamoja na wanawe. Swali letu lilikuwa moja: kamba wanakaushwaje wakati wa masika bila kuoza?

Jibu sikuwa nalo mimi. Alikuwa nalo shangazi yangu, ndugu wa baba, kule kwenye visiwa vya delta, mto unapoingia baharini. Yeye na wenzake wawili walichemsha kamba na kuwaanika tangu mimi sijazaliwa, na kamba wao waliwahi kukauka hata mvua ikinyesha siku moja na kuacha siku moja. Lakini mvua ikishika wiki nzima hapana ujuzi unaosaidia. Nusu ya kamba walirudishwa mtoni wakinuka. Kwa hiyo walichokitaka kwenye mfuko kilikuwa kimoja tu: vichanja vyenye paa la nailoni.

Nikaenda na daftari langu. Shangazi hakuanza na kamba, alianza na maji. Alichota maji ya mto kwa kiganja, akayaonja, akatema, akatazama juu kama anayesikiliza kitu. Kisha akatia sufuriani vifuu viwili vya chumvi.

"Viwili, shangazi?"

"Leo viwili."

"Na kesho?"

"Kesho nitakujibu kesho, baba. Mto ukishuka na maji ya bara, hapa panakuwa kama kisimani. Bamvua likipanda, bahari ikaingia mtoni, ni chumvi tupu, huongezi hata chembe."

Mmoja wa wenzake akacheka. "Mwambie kwa Kiingereza, labda ataelewa huyu msomi wa koroboi."

Nilielewa vizuri sana. Ila fomu ya mfuko ilikuwa na safu ya aina ya maji na safu ya kipimo cha chumvi, na mimi niliona aibu. Niandike nini? Ulimi wa shangazi? Wakubwa wa mjini wasome kwamba sayansi yetu inatemwa chini? Nikaandika "maji ya bahari", maana lilikuwa jina la heshima, na kipimo nikaandika "vifuu viwili".

Majaribio yalitakiwa thelathini. Nilihudhuria manne. Tope la kule, wallahi, lilimeza viatu vyangu, soksi, na nusu ya elimu yangu. Yale ishirini na sita niliyafanyia Kibiti, nimekaa kwenye kiti cha uvivu na kahawa na kashata. Kamba wangu wa kwenye karatasi walikauka vizuri kuliko kamba wowote duniani. Nikapiga muhuri kila ukurasa, nikapeleka kwa mfuko na kwa mwenzangu ng'ambo ya mpaka, nikasahau.

Miezi mitatu baadaye yule bibi alikuja mwenyewe, pamoja na afisa wa mfuko kutoka Dar es Salaam. Tulikutana katika darasa la shule ya msingi, watu wazima tumejibana kwenye madawati ya watoto. Shangazi na wenzake walikuja wamevaa kanga mpya, wakijua wamekuja kuambiwa habari ya vichanja.

Yule bibi akafungua kifurushi mezani. Kamba walikuwa wameshikana bonge moja, weupe kwa chumvi, wakitoa maji kama wanalia.

"Nilifuata karatasi yenu herufi kwa herufi," akasema. "Maji nimechota baharini, chumvi vifuu viwili kila sufuria. Magunia yote ya msimu ule yameharibika hivi, ndugu zangu. Nimempa paka, paka akaniangalia usoni, akaondoka zake."

Hakuna aliyecheka. Afisa akafungua fomu zangu, akasoma kwa sauti. Jaribio la kwanza: maji ya bahari, vifuu viwili. La pili: maji ya bahari, vifuu viwili. Akaenda hivyo hivyo, na kila aliposoma nilisikia kama ananivua nguo moja. Alipofika la kumi akaacha.

"Haya yote mmeyafanya kweli?"

Shangazi hajui kusoma, lakini masikio anayo. Aligeuka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayemngoja mwenziwe avuke kivuko, kisha avuke yeye. Nilitakiwa kusema neno moja tu. Mimi, niliyeweza kusimulia safari ya Ikwiriri mpaka msikilizaji akaona simba saba, siku ile ulimi ulinikauka kuliko kamba.

Alipoona sivuki, akasimama.

"Kosa langu mimi, baba afisa. Mimi ndiye niliyemhesabia vibaya. Sisi hatukusoma."

Wenzake wakainamisha vichwa. Afisa akaandika, na nilikuwa karibu kiasi cha kuona alichoandika: kwamba ujuzi wa wanawake wa delta hauaminiki, kwamba vifaa vya awamu ya pili vijengwe ng'ambo tu, kwa bibi aliyefanya majaribio kwa uaminifu.

Niliwasindikiza hadi kwenye gari la kwenda Nyamisati. Wenzake walipanda bila kuniaga. Nikamshika shangazi mkono.

"Shangazi, kwa nini ulisema vile?"

"Ulikuwa umenyamaza," akasema. "Wageni walikuwa wanangoja. Ningemwaibisha mtoto wa kaka yangu mbele yao?"

Hakuna tusi la mjini lililowahi kunikata vile.

Nilichukua wiki sita kuandika ukweli. Safari hii niliandika yote: mto, bamvua, kiganja, ulimi, na majaribio ishirini na sita ya kahawa. Muhuri sikupiga. Afisa alijibu kwa karatasi moja. Kwamba kuonja maji ndiko hasa utafiti wenyewe, ndicho kitu ambacho mfuko ulitaka kukijua tangu mwanzo. Na kwamba awamu imekwisha kufungwa. Yule bibi wa ng'ambo naye aliandika, kwamba sasa anaonja kwanza, na kamba wake wanakauka chini ya paa la nailoni. Alimsalimu shangazi sana.

Salamu nilizipeleka mwenyewe, masika iliyofuata, katika wiki ya mvua isiyokatika. Niliwakuta wote watatu wanazoa kamba waliooza kwenye mikeka. Nikatoa salamu, nikasema yote niliyoandika kwenye barua, mbele ya wale wenzake, nimesimama mvuani. Walinisikiliza bila kuacha kuzoa. Nilipomaliza, shangazi akaniitikia salamu za yule bibi, akasema amefurahi kwamba kamba wake wamekauka.

Kisha nikachukua ndoo moja, nikawafuata mtoni kumwaga. Hakunikataza, wala hakunishukuru.