Kinyozi na Mwaridi wa Ukutani

Watu walimwita Denge tangu enzi zile vijana walipopenda kunyolewa pembeni na kuachiwa kishungi juu, na mtindo huo wa denge ulipopitwa na wakati jina halikumtoka. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kilichopasuka kona, na chupa ya spiriti ambayo harufu yake iliwafikia wateja kabla ya salamu. Mikono yake ilikuwa myepesi. Mdomo ulikuwa mwepesi zaidi. Wengine walikuja hata nywele hazijaota, wakae tu kwenye benchi wamsikilize.

Nyumbani hakuwa na maneno. Alivua viatu, akala, akalala, kama mchuuzi aliyemaliza bidhaa zote na kurudi na kapu tupu. Mkewe alikwisha kumzoea. Mazungumzo yake yeye aliyapeleka uani, kwenye mwaridi wa kutambaa alioupanda mwaka ule walipomzika mtoto wao wa pili, aliyefariki kabla hajapewa jina. Aliufunga ukutani kwa vipande vya kanga kuukuu, akauondolea majani makavu, akausimulia habari za siku. Ulichanua mara moja tu kwa mwaka, baridi ikishakatika, na ukuta mzima ukawa mwekundu hadi wapita njia wakasimama kuchungulia langoni. Denge hakuruhusiwa kuugusa, na wala hakutaka.

Siku moja dukani, hadithi zikiwa zimemwishia, aliwaambia wateja kwamba yeye ana mtoto wa kambo ukutani. Ana miiba, hasemi, shule hataki, lakini mama yake anamlea kuliko anavyomlea mume. Benchi zima liliangua kicheko. Haukupita muda, kijana mmoja aliyekuwa ametoka kunyolewa alikutana na mama huyo kwenye bomba la maji, akamwamkia kwa adabu, kisha akamuuliza, "Mama, yule wa ukutani ameshaanza shule?"

Mama alijaza ndoo yake, akaifikisha nyumbani bila kumwaga tone, akakunja nguo zake begini. Denge aliporudi alimkuta binti yao amekuja kumchukua mama yake. Alijitetea kwamba ulikuwa utani tu, utani wa dukani, kila mtu anataniwa pale. Mkewe alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mtoto wangu umempeleka benchini," alisema, akaondoka.

Nyumba ikapooza. Denge alikula vilivyolala, akajifulia mashati yakabaki na madoa ya kola, na kila alipompigia binti yake simu aliambiwa mama hajambo, basi. Mpaka siku moja binti akamwambia kuwa mama amekubali kuja mwaridi ukichanua. Akiona moyo umetulia, huenda akabaki. Hilo neno "huenda" Denge alilala nalo, akaamka nalo.

Ndipo alipoutazama mwaridi kwa mara ya kwanza. Matawi marefu yalikuwa yametoka kila upande, mengine yamening'inia hadi chini, kama kichwa cha mtu ambaye hajaona kinyozi mwaka mzima. Akaona aibu. Mgeni wake angefikaje akute ukuta haujanyolewa? Maisha yake yote alikuwa akijua jambo moja, kwamba kichwa kikichakaa dawa yake ni mkasi, na nywele zikikatwa sawasawa huota zimejaa. Baridi ilikuwa inaisha. Alifuta mkasi kwa spiriti, akapanda juu ya kigoda, akaanza juu akishuka. Ncha ndefu zote alizikata zikawa usawa mmoja. Vitawi vifupi vya pembeni akavikwangua mpaka kwenye tawi. Alipomaliza alirudi nyuma, akainamisha kichwa kushoto na kulia kama afanyavyo kwa mteja, akaridhika.

Majani yakaota kweli, mabichi, yamejaa, na kila asubuhi Denge alitoka na mswaki mdomoni kutafuta tumba la ua. Hakuona hata moja. Alijipa moyo kwamba maua yanachelewa.

Wakati wa maua ulipofika, mama na binti walikuja siku ya Jumapili. Denge alipokwenda kupokea mizigo aliona begi kubwa nyuma ya gari, lile lile mkewe aliloondoka nalo, na moyo ukamruka. Lakini mkewe alikuwa ameshapita moja kwa moja uani. Binti alilifunga buti taratibu, begi likiwa ndani.

Mama alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa kijani. "Ulinichukia kiasi hiki?" aliuliza.

Denge alijieleza mpaka jasho likamtoka. Alitaka upendeze. Alitaka akute pasafi. Denge akaona kwamba mkewe amemwamini. Hata hivyo uso haukulegea.

"Najua. Hukukusudia," alisema. "Miaka yote hii hukuwahi kuniuliza hata unakatwaje."

Akamwita karibu, akaanza kumwonyesha. Huu unachanua kwenye matawi ya mwaka uliopita, kwa hiyo hukatwa maua yakishapukutika tu. Baridi ikiisha maua huwa yamo ndani tayari, hayajaonekana. Tawi lililokauka au lililozeeka litolewe chini kabisa. Matawi marefu machanga yasikatwe ncha, bali yalazwe na kufungwa kuufuata ukuta, maana yakisimama wima huchanua juu peke yake. Vile vitawi vya pembeni vilivyokwisha kuchanua vipunguzwe, viachiwe macho mawili matatu ya kuchipulia, na mkasi upite mshazari juu ya jicho linalotazama nje, maji yasituame. Alimshika kidole akakiweka juu ya jicho lenyewe, kijivimbe kidogo kama kipele.

Denge alifurahi. Hawakuwa wamezungumza hivyo tangu ujana wao. Aliitikia kila neno, akarudia, akakosea, akasahihishwa. Kisha akasikia mkewe akisema, "Umenielewa, Denge?" na jina hilo likamkwama masikioni, kwa kuwa mkewe hakuwahi kulitumia. Lilikuwa jina la wateja.

"Mbona unanifundisha yote leo?" aliuliza.

"Ili mwakani usimpigie binti simu kuuliza."

Hakuingia ndani, hakukaa. Alikata kijitawi kimoja kichanga cha kwenda kupanda, akakifunga kwenye kitambaa chenye maji, wakaondoka.

Kesho yake dukani waliokaa kwenye benchi walitaka kujua kama mama amerudi. Denge alikuwa na kichwa cha mtu mkononi, mashine inanguruma. Alikusudia kunyamaza. Lakini walimsubiri kwa nyuso zile zile za kila siku, na maneno yakaja yenyewe.

"Alikuja," alisema. "Miaka yote nanyoa watu, kumbe mke wangu alikuwa anangoja tu nafasi ya kunifundisha kazi."

Wakacheka mpaka aliyekuwa kitini akaambiwa atulie asije akakatwa sikio. Denge naye alicheka nao, na walipokwisha kunyamaza, yeye alikuwa bado anacheka.